Maji ya Matone kwa Bustani ya Mjini Eldoret

(Mazungumzo kwa wenye bustani ndogo)

Msafiri atokaye Eldoret akapita Iten, kisha akafuata njia ya kaskazini mpaka bonde la Kerio karibu na Tot, ataona kazi ya ajabu ya wazee wa Kimarakwet. Ataona mifereji inayochukua maji katika mito ya milimani, ikazunguka majabali, ikateremka mpaka mashamba yaliyo chini bondeni ambako mvua ni haba. Mifereji hiyo ilikuwako zamani sana kabla ya reli kufika Eldoret mwaka 1924. Maji yake hugawanywa kwa zamu baina ya koo, mchana na usiku, na mwenye zamu hapaswi kulala, kwa sababu maji yasiyolindwa hupotea.

Katika kazi ile yako mambo matatu: kujua kiasi cha maji, kuyaongoza mpaka penye mizizi, na kuyalinda yasipotee. Leo maneno haya yanahusu bustani ndogo kabisa, yaani ile ya ndoo, magunia na matuta yaliyoinuliwa katika ua wa nyumba ya mjini. Bustani hiyo yaweza kunyweshwa kwa mpira wenye matundu madogo, na mpira huo ukafunguliwa na kufungwa kwa saa bila mkono wa mtu. Lakini mambo matatu ya wazee hayakubadilika, na mwenye kununua vifaa bila ya kuyafikiri atatupa fedha zake.

Ukame wa mwanzo wa mwaka

Eldoret iko juu, karibu mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na uwanda wa Uasin Gishu hupata mvua nzuri, zaidi ya milimita 1,000 kwa mwaka wa kawaida. Mvua hiyo huanza mnamo Machi au Aprili, ikaendelea mpaka Septemba au baadaye kidogo. Lakini kuanzia Desemba mpaka katikati ya Machi jua huwaka, upepo hukausha, na vumbi hupanda barabarani. Hapo ndipo mboga huadimika sokoni na bei yake hupanda. Basi mwenye mboga zake nyumbani katika mwezi wa Februari ameokoa fedha nyingi kuliko mwenye mboga katika mwezi wa Juni, wakati kila mtu anazo.

Mji nao umekua. Ulipewa hadhi ya jiji tarehe 15 Agosti 2024, na watu wengi wa Langas, Huruma, Munyaka, Kapsoya na Kimumu hawana shamba mjini, bali wana kipande cha ua. Maji ya bomba hutoka mbali, kama vile bwawa la Chebara katika Elgeyo Marakwet, na wakati wa ukame huenda yakaja kwa zamu tu. Mto Sosiani upo, lakini hupita katikati ya mji na kupokea taka zake. Maji yake hayafai kumwagiwa mboga zitakazoliwa mbichi.

Yafaa kutoa mfano. Mama mmoja ana ndoo ishirini za sukuma wiki, managu na dania. Mwezi wa Januari anaitwa msibani kwao, safari ya siku nne. Anamwambia jirani, "Mama, niangalizie mboga zangu." Jirani anajibu, "Nenda salama, dada, mboga zako ni kama zangu." Wala jirani hasemi uongo. Lakini siku ya pili mtoto wake anaugua, siku ya tatu bomba halitoi maji, na siku ya nne mama anaporudi anakuta majani yamelala juu ya udongo uliopasuka. Mmea wa shambani una mizizi mirefu na waweza kungoja. Mmea wa ndoo hauna pa kwenda. Udongo wake ni kidogo, jua hupiga pande zote za chombo, na siku mbili za kiu zaweza kuharibu kazi ya miezi miwili. Hasara hiyo ndiyo inayoweza kuzuiwa na maji ya matone.

Maji ya matone ni nini?

Ni kuyapeleka maji polepole mpaka kwenye shina la kila mmea, tone moja baada ya jingine, badala ya kuyamwaga kwa wingi mara moja. Mpira wa plastiki hulazwa juu ya udongo, na mahali pa kila mmea huwa na tundu dogo au kifaa kidogo ambacho mafundi hukiita dripa. Udongo hunywa taratibu na maji hayakimbii pembeni. Majani hubaki makavu, na hiyo ni faida kubwa kwa nyanya, kwa maana ule ugonjwa ambao wakulima huuita baridi hupenda majani yaliyolowa.

Njia hii si ngeni. Katika Israeli mhandisi wa maji Simcha Blass aliitengeneza dripa, na mwaka 1965 kazi ya kuzitengeneza kwa biashara ilianza katika kijiji cha Hatzerim. Baadaye Mmarekani Richard Chapin alibuni namna ya maskini, yenye ndoo na mipira myembamba tu. Katika miaka ya 1990 taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kenya, KARI, ambayo sasa ni KALRO, iliwafundisha wakulima wadogo matumizi ya ndoo hiyo. Ndoo ya lita 20 huwekwa juu ya kigingi kwa kimo cha mita 1, na chini yake mipira miwili ya mita 15 kila mmoja hulazwa kwenye tuta. Matundu yakiwa kila sentimita 30, mimea ipatayo 100 hunywa. Mwenyewe huijaza asubuhi na jioni, kisha huenda zake. Ndoo hiyo hujimwaga yenyewe, na ikiisha, imekwisha. Haihitaji saa wala betri. Asiye na fedha nyingi aanze hapo, wala asione haya.

Hesabu tatu kabla ya kwenda dukani

Hesabu ya kwanza ni ya kiu. Kila ndoo ya lita 20 yenye mmea uliokomaa ihesabiwe lita 1 kwa siku katika ukame. Kila mita moja ya mraba ya tuta ihesabiwe lita 5 kwa siku. Haya ni makadirio, nayo yatarekebishwa baadaye kwa kutazama udongo. Basi mwenye ndoo 20 anahitaji lita 20. Kama ana pia matuta mawili, kila moja mita 1 kwa mita 3, hayo ni mita 6 za mraba, nayo yanahitaji lita 30. Jumla ni lita 50 kwa siku.

Hesabu ya pili ni ya akiba. Tangi la lita 1,000 likigawanywa kwa lita 50 litatosha siku 20 tu. Kuanzia mwanzo wa Desemba mpaka katikati ya Machi ni siku kama 100, yaani lita 5,000. Hapo mtu huona mapema ukweli ambao angeuona kwa uchungu mwezi wa Januari: ama anunue tangi kubwa, ama alijaze tangi lake siku za zamu ya bomba, ama apunguze bustani. Kupunguza si aibu. Ndoo kumi zilizoshiba ni bora kuliko ishirini zenye kiu.

Wala mtu asiseme kwamba mvua haikumtosha. Paa la mabati la mita 40 za mraba, likinyeshewa milimita 10 tu, hupokea lita 400. Hata zikipotea sehemu moja katika tano, lita 320 huingia tangini kama mlizamu ni mzima. Kwa mwaka mzima paa hilo hilo laweza kutoa zaidi ya lita 30,000. Mvua ya Eldoret si haba; kilicho haba ni chombo cha kuiwekea.

Hesabu ya tatu ni ya kimo. Maji hupata nguvu kwa kushuka. Kimo cha mita 10 hutoa nguvu ambayo mafundi huiita baa 1, na kimo cha mita 1 hutoa sehemu moja tu ya kumi ya nguvu hiyo. Dripa nyingi hupimwa kiwandani kwa baa 1. Kwa hiyo dripa iliyoandikwa lita 2 kwa saa, ikifungwa kwenye tangi lililo mita 1 tu juu ya ndoo, huenda ikatoa theluthi ya kiasi hicho au chini yake. Tena ziko dripa za namna nyingine zilizoundwa kutoa kiasi kimoja katika nguvu kubwa na ndogo. Hizo ni nzuri kwa bomba, lakini katika tangi fupi mara nyingi hazifanyi kazi sawasawa. Mwenye tangi amwambie muuza duka wazi kwamba maji yake yanashuka tu kutoka kimo fulani, naye apewe vifaa vya nguvu ndogo.

Kuunga mipira

Tangi liwekwe juu ya jukwaa imara. Lita 1,000 za maji zina uzito wa kilo 1,000, na jukwaa bovu laweza kuua mtoto. Tangi liwe la rangi nyeusi, au lifunikwe lisipate mwanga, kwa sababu mwanga huotesha ukungu wa kijani unaoziba matundu. Tundu la kutolea maji liwe juu kidogo ya sakafu ya tangi, ili matope yabaki chini.

Baada ya tangi hufuata koki ya kufunga kwa mkono, kisha kichujio, kisha saa, kisha mpira mkubwa wa milimita 16. Kichujio kisiachwe kwa kubana matumizi. Maji ya paa huteremka na vumbi, na chembe moja ya mchanga yatosha kuziba dripa. Katika mpira mkubwa hutobolewa matundu, na kila tundu hutiwa mpira mwembamba wa milimita 4 unaokwenda kwenye ndoo na kumalizika kwa dripa. Ndoo ndogo yatosha dripa moja. Chombo kikubwa kifungiwe mbili, moja kila upande. Katika tuta, mipira yenye matundu ilazwe sambamba, sentimita 30 baina ya mmoja na mwingine. Katika bustani ya gunia, dripa nne zizungushwe juu, karibu na safu ya mawe iliyo katikati, ili maji yashuke mpaka kwenye mimea ya chini.

Vyombo viwekwe usawa mmoja kadiri iwezekanavyo, kwa maana ndoo iliyo chini hunyang'anya maji ya ndoo iliyo juu. Kila ndoo iwe na matundu ya kutolea maji chini yake. Juu ya udongo yatandazwe majani makavu, ili jua lisirudishe hewani kile kilichotolewa kwa taabu. Mwisho wa mpira mkubwa uwe na kizibo kinachofunguka, na kila baada ya wiki mbili kifunguliwe ili uchafu utoke.

Saa ya maji

Saa ya maji, ambayo madukani huitwa taima, hufungwa baada ya koki na kichujio, nayo hutumia betri. Ziko za namna mbili. Moja ina utando wa mpira ndani yake, na utando huo hutaka kusukumwa na nguvu za maji ya bomba. Ikifungwa kwenye tangi fupi haifanyi kazi vizuri. Ya pili ina injini ndogo inayozungusha kigololo chenye tundu, nayo hufunguka na kufunga hata maji yakiwa hayana nguvu. Mwenye tangi achague hii ya pili.

Kuna kosa moja dogo ambalo lafaa kutajwa. Saa hizi hazijui Kiswahili. Saa 12 asubuhi kwetu ni 06:00 katika kioo chake, na saa 12 jioni ni 18:00. Anayetaka maji alfajiri akaandika 12:00, bustani yake itanyweshwa adhuhuri katika jua kali, naye atashangaa.

Kabla ya kupanga dakika, mwenye bustani apime kwa kikombe. Aweke kikombe chini ya dripa ya kwanza, kingine katikati, na kingine mwisho kabisa, afungulie maji dakika 15, kisha apime. Ikiwa dripa imetoa lita moja ya nane, yaani mililita 125, basi kwa saa nzima itatoa nusu lita, na ndoo inayotaka lita 1 itahitaji saa mbili. Zigawanywe: saa moja kabla ya jua kuchomoza na saa moja jioni. Kwa bomba lenye nguvu kamili dripa hiyo yaweza kuhitaji nusu saa tu kwa siku nzima. Ikiwa kikombe cha mwisho ni kikavu na cha kwanza kimejaa, mpira ni mrefu mno, au umekunjika, au umezibwa. Kikombe husema kweli kuliko maandishi ya kwenye karatasi ya duka.

Baada ya siku tatu atie kidole katika udongo mpaka kifundo cha pili. Udongo ukiwa mkavu aongeze dakika; maji yakichuruzika chini ya ndoo apunguze. Maji yanayochuruzika huondoka na mbolea.

Jicho la mwenyewe

Yafaa kurudi kwa yule mama wa ndoo ishirini. Kama angekuwa na tangi, mipira na saa, je, angesafiri kwa amani? Ndiyo, ikiwa alizijaribu siku saba kabla ya safari. Siyo, ikiwa alizifunga asubuhi ya kuondoka. Saa haioni. Haijui kwamba panya ametafuna mpira, kwamba kuku amechomoa dripa, wala kwamba mvua imenyesha usiku kucha. Tena betri yake ikifa wakati maji yako wazi, saa nyingine haziwezi kujifunga, na akiba ya siku ishirini yaweza kumwagika ardhini kwa muda mfupi.

Kwa ajili ya hatari hiyo iko kinga rahisi. Kati ya tangi kubwa na bustani liwekwe pipa dogo lenye maji ya siku chache tu, na saa ifungwe kwenye pipa hilo. Mama yule, kwa safari ya siku nne, angejaza pipa la lita 100 kwa ndoo zake 20, akafunga koki ya tangi kubwa. Mimea ingepata lita 80, zikabaki 20 za tahadhari. Saa ikiharibika ikiwa wazi, hasara ni pipa moja, na tangi lake ni salama. Betri zibadilishwe kila mwaka mwishoni mwa Novemba, kabla ya ukame, hata kama zina nguvu bado. Mvua za Machi au Aprili zikianza, saa izimwe na paa lianze tena kujaza tangi.

Naye jirani asisahauliwe. Kazi yake imekuwa nyepesi: haombwi tena kubeba maji asubuhi na jioni, bali kupita mara moja kwa siku na kutazama kama udongo umelowa, na kama haukulowa, kujua koki iko wapi. Kazi hiyo hata mwenye mtoto mgonjwa aweza kuifanya kwa dakika mbili, na mama akirudi atamkatia fungu la managu.

Mabibi na Mabwana, haba na haba hujaza kibaba, na tone kwa tone hulisha nyumba. Lakini tone hilo lataka mtu aliyelihesabu kabla halijadondoka. Wazee wa Marakwet walipasua miamba kwa kazi ya mikono, wakagawana maji kwa zamu, wala hawakumwachia mfereji ujitunze. Mwenye ndoo ishirini mjini Eldoret hana miamba ya kupasua. Ana hesabu tatu za kufanya, kikombe cha kupimia, na dakika tano za kutazama kila siku. Akifanya hivyo tangu sasa, mwezi wa Februari sufuria yake haitakosa mboga.